Mwanagenzi na Mlango wa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3
Wiki ya sita katika karakana ya kufuli. Nina miaka arobaini na moja, na leo tena Bi Funguo, fundi anayenifundisha, amenitambulisha kwa mteja kuwa ni mwanagenzi wake. Mbele za watu! Nimefungua kamusi. Inasema ni mtu anayejifunza kazi kwa fundi. Waliotunga kamusi hawanijui. Maana yangu mimi: fundi ambaye cheti chake kiko njiani.

Jumanne, tarehe 4
Bi Funguo amerudia sharti lake. Mwanagenzi hagusi mlango wa mtu bila fundi kusimama kando akimtazama. Akikiuka, anaanza mafunzo upya. Kila jioni hunitilia saini daftarini. Thelathini na mbili tayari! Useremala ulinishinda, unyozi ukanishinda. Mke wangu bado hajanicheka, na sitaki aanze.

Jumatano, tarehe 5
Mama mkwe kapiga simu. Kitasa cha chumba chake kinakwama. Akasema ana bahati ya kuwa na mkwe fundi. Fundi! Sikumsahihisha. Kwa nini nimkatize mama wa watu furaha yake? Nimemwomba Bi Funguo ruhusa ya kesho. Nimesema nakwenda kung'oa jino.

Alhamisi, tarehe 6
Nilikifungua kitasa, nikakipaka mafuta, nikakirudisha. Safi kabisa. Nikamwita mama mkwe asimame ndani ashuhudie, nikaubamiza mlango. Ukajifunga. Mkono wa ndani wa kitasa ulikuwa wapi? Kwenye kiti. Na kiti? Kwenye korido, pamoja na bisibisi zangu zote.

Mimi na mama mkwe. Chumba kimoja. Dirisha lina nondo. Sikujua niyaweke wapi macho yangu. Jasho lilinitoka hadi soksini. Baada ya nusu saa aliniuliza kwa upole kama kuna mtu wa kumpigia. Alikuwepo mmoja tu.

Bi Funguo alikuja, ila hakuufungua mlango. Alipitisha bisibisi chini yake, akakikalia kile kiti, akaniongoza kwa sauti, skrubu moja moja. Katikati akauliza jino linaendeleaje. Dakika kumi na moja, mlango huo wazi. Kwa mikono yangu! Mama mkwe akapiga makofi, kisha akauliza huyu mgeni ni nani. Nikasema mwenyewe: ni fundi wangu, mimi ni mwanagenzi. Mama mkwe akanishika bega, akasema hata marehemu mumewe alimbebea fundi vifaa miaka miwili kabla ya kukabidhiwa msumeno. Nilitaka kulia.

Ijumaa, tarehe 7
Daftari jipya, ukurasa wa kwanza. Saini zote zimekwenda na maji. Bi Funguo hakunifukuza. Alisema mikono ninayo, nimekosa subira. Mke wangu alicheka sana, kisha akanijalidia daftari. Nimeapa. Sigusi tena mlango wa mtu peke yangu.

Jumamosi, tarehe 8
Jirani wa mama mkwe anasafiri kesho. Kufuli ya namba ya begi lake imegoma, na pasipoti imo ndani. Bi Funguo leo hayupo. Nimelitafakari jambo hili kwa makini. Begi si mlango. Isitoshe, jirani atasimama kando yangu muda wote akinitazama, na huko ndiko kusimamiwa. Nimeshamwambia fundi yuko njiani. Nachukua patasi.