Pikipiki Kubwa Kuliko ya Mlingoti

Jumatatu, tarehe 4

Hayawi hayawi, yamekuwa! Ofisi yetu ya kupima mvua inapata pikipiki mpya ya porini, ya kupanda hadi vituo vya milimani. Mkuu ametangaza asubuhi kwamba mkaguzi wa vituo hivyo atakuwa mimi au Mlingoti. Kila mmoja achague pikipiki anayoona inafaa. Ijumaa muuzaji ataleta zote mbili uani, tuziendeshe Mkuu akitazama. Atakayechagua vizuri anapewa pikipiki na milima yote.

Miaka kumi na moja nimekaa chumba cha simu. Kila saa tatu asubuhi vituo vinapiga, vinanitajia milimita, naandika kwenye daftari. Naijua mvua ya kila mlima na sijaona mlima hata mmoja. Mama wa kituo cha juu kabisa hukohoa mara mbili kabla ya kutaja namba. Huniita mwanangu. Kila mwaka huniuliza nitakwenda lini kumwona. Nataka kwenda. Nataka sana, hata naona haya kuandika.

Mlingoti ana miaka miwili tu kazini. Ila miguu mirefu anayo.

Jumanne, tarehe 5

Nimetoka kwa muuzaji wa pikipiki, kichwa kinazunguka. Kuna za silinda moja na za silinda mbili. Nikasema basi mbili ni bora. Akasema inategemea. Gurudumu kubwa la mbele hupita mawe vizuri, ila hufanya kiti kiwe juu. Tangi kubwa hufika mbali, ila ni zito. Kila jema lina ila yake! Nikauliza hiyo cc iliyoandikwa kwenye kila injini ni kitu gani hasa. Akanieleza kwa chupa ya soda na kalamu. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mpaka sasa sijui kalamu ilikuwa inafanya nini ndani ya chupa.

Mwisho akaniinamia, akasema kwa siri kwamba kwa matope ya milimani yeye angechukua ndogo, cc 250, nyepesi, ambayo mtu akianguka nayo anaiinua mwenyewe. Hapo nikashtuka. Muuzaji gani anakusukumia kidogo wakati kikubwa kipo? Ana lake jambo. Labda ametumwa na Mlingoti.

Nimerudi na karatasi za zote. Ya cc 1200 ina picha ya mwanamume amesimama kileleni, mikono kiunoni. Ya cc 250 ina picha ya pikipiki tu.

Jumatano, tarehe 6

Mke wangu ni fundi cherehani. Nimemwomba anipime mguu kwa ndani, kutoka juu hadi sakafuni. Sentimita sabini na moja. Nikamwomba arudie, nikavuta pumzi. Sabini na moja. Kiti cha cc 1200 kiko sentimita themanini na nane kutoka chini. Mke wangu, ambaye hajawahi kunipa suruali bila kuikata kwanza, ameniuliza kwa upole hizo kumi na saba nitazitoa wapi. Nikamwambia penye nia pana njia. Akarudi kwenye cherehani yake.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa mtaka cha juu sikumbuki walisema nini.

Mchana kwa fundi viatu. Nimemwomba aongeze soli mbili kila kiatu. Ameuliza kama ni za harusi.

Halafu mpango wangu mkubwa. Nimeiweka karatasi ya cc 250 juu ya meza ya Mlingoti, na pembeni nimeandika, kwa mwandiko usio wangu, kwamba wataalamu wa matope huchagua hii. Nikajibanza nyuma ya kabati. Akaisoma. Akaisoma tena. Akaikunja, akaitia mfukoni. Amenasa! Nilicheka hadi nikakosea milimita za kituo cha pili, ikabidi niwapigie tena.

Alhamisi, tarehe 7

Nimekwenda dukani na viatu vyangu vipya. Natembea kama kuku aliyekanyaga gundi, lakini niko juu. Cc 1200 ilikuwa imeegeshwa kando ya ngazi ya mlango. Nikapanda, nikashusha mguu wa kushoto. Soli nzima imegusa! Imenikaa kama nguo niliyopimiwa. Mguu wa kulia sikuujaribu, maana mtu husimama kwa mguu mmoja.

Muuzaji ameniuliza kama nimeiona ile ngazi. Nikamjibu nimeiona, ni ngazi nzuri. Akaniuliza tena. Wivu tu. Nikaweka saini kwamba nachagua hiyo.

Ijumaa, tarehe 8

Naandika kwa mkono mmoja.

Kupanda nilitumia benchi. Mkuu alisimama uani na kalamu yake, wenzetu wote madirishani. Na nasema kweli, niliendesha vizuri. Hata adui hawezi kulikana hilo. Nikazunguka ua mara mbili, kifua mbele, kama yule wa kwenye karatasi. Akilini nilikuwa nimeshafika mlimani, mama wa kituo cha juu anatoka mlangoni kunipokea.

Mkuu akapunga mkono nisimame. Nikasimama. Nikashusha mguu wa kushoto. Nikatafuta ardhi, haikuwapo. Nikajaribu wa kulia. Huko nako haikuwapo. Jana ilikuwapo! Pikipiki ikaanza kulala, polepole, kwa adabu, nami juu yake, hadi ikakilalia kipima-mvua cha uani. Kile cha shaba. Kile kilichosomwa kila asubuhi bila kukosa tangu kabla sijazaliwa. Sasa ni bapa kama sinia.

Waliinua pikipiki watu wanne. Mlingoti ndiye aliyenitoa chini yake, akaniuliza kama nimeumia. Unafiki ulioje! Kisha akapanda ile ndogo, akapita nayo kwenye matope karibu na bomba, akaanguka, akaiinua peke yake, akaendelea. Mkuu akaandika kitu. Mlingoti akamweleza kwamba kuna mtu mwema ofisini aliyemwachia ushauri mezani, hamjui, lakini anamshukuru sana.

Nikaliokota lile sinia la shaba kwa mkono wangu mzima, nikaingia ndani.

Jumatatu, tarehe 11

Milima amepewa Mlingoti. Mimi nimerudi chumba cha simu. Vituo vyote vimepiga, nimeandika vyote, isipokuwa chetu. Mstari mtupu wa tatu huo, na kipima-mvua kipya hakijaletwa. Nimeuangalia mpaka macho yakauma.

Saa nne Mkuu ameniita. Nilidhani nafukuzwa. Kumbe Mlingoti ameomba nifuatane naye safari ya kwanza, nikae nyuma, kwa kuwa watu wa vituo wanaijua sauti yangu na yeye hawamjui. Mkuu amekubali. Nimechanganyikiwa kabisa. Kwa nini mtu aliyeshinda amwombee aliyeshindwa? Mke wangu amesema nenda, baba watoto, hii ndiyo safari uliyokuwa unaililia. Wanawake hawaoni mitego. Mimi nibebwe kama kiroba? Nifike mbele ya yule mama nimemshika Mlingoti kiuno?

Nimekataa kwa heshima. Nimesema kazi ni nyingi.

Alhamisi, tarehe 14

Saa tatu simu ya kituo cha juu. Nikatoa shikamoo. Kikohozi kimoja, cha pili, halafu milimita kumi na nne. Nimeandika. Kwa kawaida hapo huniaga. Leo hakuniaga. Amesema mkaguzi mpya yuko kwake, kijana mrefu, mpole, pikipiki yake imefika mpaka mlangoni. Alikuwa ameambiwa wanakuja wawili, akatoa viti viwili nje. Kimoja hakijakaliwa. Ameniuliza, mwanangu, mbona hukuja?

Nikamwambia nakuja, mama, mwaka huu huu, ila pikipiki inayonifaa bado haijapatikana. Akasema kiti hatakiingiza ndani.

Nimekaa mchana kutwa nikitafuta kosa lilikuwa wapi. Nimelipata! Ile cc 1200 ilikuwa nyepesi mno, ndiyo maana iliyumba. Ipo ya cc 1300, nzito zaidi, ambayo haiwezi kuanguka ovyo. Kiti chake kiko sentimita tisini. Jioni nimevipeleka viatu kwa fundi aongeze soli ya tatu.