Mzuka Bora wa Mwaka Bado Anakunywa Chai

Silanga, Kibera
Jumatatu, kabla ya chai ya saa nne

Kwa Bi. Hayat,
Mwenyekiti, Kamati ya Tuzo za Jini, Roketi na Jinamizi,
Kawangware.

Bi. Mwenyekiti mpendwa,

KUH: KUUAWA KWANGU NA KAMATI BILA KUULIZWA

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa hai kama inavyoniacha mimi. Naanzia hapo kwa sababu hapo ndipo shida ilipo.

Mimi ni Mzee Mbuvi, mwigizaji mkongwe wa filamu za kutisha, mtu aliyefanya Kibera nzima ilale taa zikiwaka. Sawa, si Kibera nzima. Ni Silanga. Na hata Silanga, nikisema ukweli, ni laini yetu tu ya nyumba, na taa ziliwaka kwa sababu stima ilikuwa imerudi baada ya kupotea siku nyingi na watu wakasahau kuzima. Huo ukongwe nao ni wa umri, si wa kazi. Nimeigiza filamu moja, na humo nimelala. Lakini nililala vizuri, Bi. Mwenyekiti, na kamati yako yenyewe imekubali hivyo kwa kunipa tuzo ya Mzuka Bora wa Mwaka. Ila mlinipa nikiwa marehemu.

Kwa faida ya wanakamati ambao Jumamosi walikuwa wameshikwa na pilau, nieleze. Kijana wetu Ramzy alipiga filamu hapa kando ya bwawa, inaitwa "Mwenye Bwawa Amerudi". Mwenye bwawa ni mimi. Mwanzo nakufa, mwisho narudi, katikati nimelala kwenye matope. Ili kuitangaza, Ramzy alitengeneza mabango kama yale ya vifo tunayobandika kwenye milingoti: picha yangu na tai, ukingo mweusi, "Kwa huzuni tunatangaza kifo cha Mzee Mbuvi wa Silanga", msafara utaondoka lini, na chini kabisa, kwa maandishi ya ukubwa wa chawa, kwamba hii ni filamu na itaonyeshwa wapi. Akayabandika kuanzia hapa mpaka Kawangware 46.

Sasa watu wetu unawajua. Tangazo la kifo wanasoma jina na siku ya msafara, wanasema, "Ai, na juzi si nilimwona!" kisha wanaenda zao. Hakuna anayesoma mpaka chini. Nilichokuwa sijui ni kwamba hata kamati haisomi mpaka chini.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuuawa kwenyewe. Kadi yenu ya mwaliko ilisema kila mtu aje amevaa kitu cha kutisha. Mimi natii kadi. Nilijipaka unga wa ngano usoni kama kwenye filamu, nikajifunga shuka la Kasiva, mke wangu, ambaye alipouona unga wake usoni pangu aliuliza chapati zimeanza lini kwenda kwenye sherehe. Nikakaa safu ya tatu, kati ya jini mwenye pembe za karatasi na dada mmoja aliyevaa kama roketi, maskini, hakuweza kukunja kiuno, alishinda amesimama. Mara taa zikapunguzwa, mshereheshaji akasema tuwakumbuke wenzetu waliotutangulia. Watu wakasimama. Nami nikasimama, kwa heshima, kabla hata sijajua ni nani amekufa. Kutazama ukutani, ni mimi.

Nilinyanyua mkono. Kijana wenu wa kupanga watu akaja mbio: "Mzee, shusha mkono, tunaheshimu marehemu." Nikamwambia marehemu ndiye mimi. Akaniangalia ule unga, akaniangalia shuka, akasema, "Mzee wangu, leo hapa kila mtu amekufa. Hata mimi ni zimwi. Tulia." Nikatulia. Ningefanya nini? Ubishi wangu wote uliishia hapo, nikajikuta nimemaliza dakika nzima ya kimya nikijiombea.

2. Umri. Chini ya picha mliandika kwamba nimeaga nikiwa na miaka themanini na minne. Nina sabini na kidogo. Hiyo mingine mliitoa kwa nani, na mwenyewe mmemwachia nini? Kasiva alipoambiwa alikaa muda mrefu akinitazama, kama mtu aliyenunua kuku sokoni halafu akaambiwa umri wake.

3. Heshima ya kazi yangu. Niliyemshinda ni mzuka kutoka mtaa wa Nyayo Highrise, yule wa suti, anayebisha hodi kabla ya kutisha. Nilimshinda kwa haki. Lakini sasa anatembea akisema nilipata kura za matanga. Anauliza ni nani angethubutu kumnyima kura mtu ambaye ametoka tu kufa. Na mkimwacha bila kumjibu, vijana wote wanaopenda tuzo wataanza kufa kila ifikapo mwezi wa mashindano, na kamati itajaza ukumbi na maiti hai ambazo hazijui hata kulala.

4. Musyoka. Hapa ndipo naomba uketi chini, kama umesimama.

Musyoka ni fundi wa mbao wa Kawangware 46. Tulitoka Kitui pamoja, tukapanga chumba kimoja, tukagawana koti moja, mwenye kwenda kutafuta kazi siku hiyo ndiye aliyelivaa. Tumebishana maisha yetu yote, kuhusu chumvi, kuhusu serikali, kuhusu kama mwezi unatufuata tukitembea. Sasa mwaka jana, kwenye karakana yake, mbele ya wateja, nilisimulia hadithi ya pepo, na yeye akasema, "Huyu Mbuvi hata afe leo, hawezi kumtisha kuku." Wateja wakacheka mpaka wakashika meza ambazo hazijakauka vanishi. Niliacha chai yangu hapo hapo, ina maziwa, na sijakanyaga kwake tena. Unadhani ni kwa nini mtu wa rika langu alikubali kulala kwenye matope ya bwawa? Nilitaka Musyoka aione hiyo filamu.

Basi mshereheshaji alipouliza kama kuna jamaa wa marehemu wa kumpokelea tuzo, watu wakageuza shingo kutafuta. Mara namwona Musyoka anainuka kule nyuma, amevaa koti lake la kanisa. Akapanda jukwaani, akachukua sanamu yangu, ile ya jini la mbao lililopakwa dhahabu, akaigeuza kuangalia ilivyoungwa, kisha akaomba maikrofoni.

Bi. Mwenyekiti, maikrofoni yenu ni mgonjwa. Nilisikia "Mbuvi", halafu ikapiga kelele kama nguruwe. Nikasikia "miaka hii yote", ikapiga tena. Halafu ukumbi wote ukacheka. Ukacheka, na mimi bado sijapoa! Akaendelea kidogo, akajifuta uso na leso, bila shaka ni jasho, akateremka na sanamu yangu kwapani. Niambie wewe uliyesoma, kuna kitu gani cha kuchekesha mtu anaweza kusema juu yangu, kama si lile neno la kuku? Amenidharau nikiwa hai, amerudia nikiwa maiti, mbele ya majini na roketi, na mimi nimekaa pale na unga usoni siwezi kumjibu.

Kwa hivyo naomba, kwa unyenyekevu wote:

Kwanza, nitangazwe hai, kwa kipaza sauti kingine, jukwaa lile lile.

Pili, sanamu itoke kwa Musyoka ije kwangu. Mtu hawezi kurithi aliye hai, hata kule Kitui hatujafika hapo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, yale maneno yake yafutwe kabisa kwenye video ya sherehe, kisha aje aniombe msamaha. Bila hilo, hayo mengine mbaki nayo.

Kama kamati haina uwezo wa kumfufua mtu, naelewa, si kazi ndogo. Lakini basi niuawe kikamilifu. Niondolewe kwenye mikutano ya nyumba kumi. Kasiva aandikiwe barua rasmi kwamba marehemu hatumwi makaa. Kiti changu cha safu ya tatu kifungwe utepe mweusi, asikikalie mtu. Na kila mwaka niingie mashindanoni moja kwa moja bila kuchujwa, kwa maana nitakuwa mshindani pekee mwenye uthibitisho wa kamati kwamba amekufa. Tuone kama huyo wa suti ataendelea kubisha hodi.

Wasalimie wanakamati wote, mpishi wa pilau, kijana wa zimwi, na yule dada wa roketi, nikitumaini ameshaweza kukaa. Kasiva anawasalimia, ingawa anadai unga wake. Huku kwetu wote wazima, mimi nikiwemo.

Ni mimi, niliye hai mpaka mtakapobandika vinginevyo,
Mbuvi wa Silanga

NYONGEZA. Chai ya saa nne imepoa, na mambo yamegeuka.

Kabla sijakunja karatasi nimesikia hodi. Kufungua, ni Musyoka, na lile koti la kanisa, sanamu kwapani. Alikuwa amekuja kumpa mjane pole. Mjane ameenda sokoni. Aliyemfungulia mlango ni marehemu, kikombe mkononi.

Hakupiga kelele. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akapita, akakaa kwenye kiti changu, akaomba maji. Akayanywa yote. Kisha akasema, "Kwa hivyo niliongea bure."

Nikamwambia kama ni ule mzaha wake, aurudie hapa hapa. Aliwaka! "Mzaha gani, wewe mtu? Nilisema tangu uache kuja, nimebaki na watu wa kukubaliana na mimi tu. Nikisema hivi, 'ni kweli mzee.' Nikisema vile, 'ni kweli mzee.' Maisha gani hayo? Wakacheka, wajinga. Na kuna mengine nilisema, na hayo hutayasikia hata ufe tena." Nikamsihi, akakataa. Akainuka, akasema mtu hawezi kuambiwa maneno kama hayo akiwa hai, ataharibika, na kwamba anakuja kwako sasa hivi kukuamuru uyafute kwenye video.

Kwa hivyo, Bi. Mwenyekiti, yote niliyoandika hapo juu yapuuze. Siwezi kuandika upya, mkono umechoka. Niache marehemu. Umri andika hata mia. Sanamu ameondoka nayo, abaki nayo, na yule wa suti aseme anachotaka. Lakini yale maneno msiyaguse.

Na kuna jambo dogo. Siku ile mbwa walikukimbiza hapa Silanga na kamera yako, mlango uliofunguka ulikuwa wangu, na ukiwa unahema uliniambia, "Mzee Mbuvi, niko na deni lako." Sikulitaja tena, mimi si mtu wa kudai. Leo naomba unilipe kwa kunitumia hiyo video, hasa hapo kwenye hayo mengine. Barua hii naipiga picha nikutumie sasa hivi kwa WhatsApp. Muda unao: Musyoka amekuja kwa miguu na atarudi kwa miguu, na Ngong Road imejaa mafundi wa viti kando ya barabara, na yeye hajawahi kupita kiti cha mtu bila kusimama kukikosoa. Nimeshafuta nyimbo zote kwenye simu ipate nafasi. Tuma kabla hajafika.