Kadi ya Mazoezi na Miruko Saba

Jumatatu, 2 Machi

Nimeumbuka kliniki! Dinah, mtaalamu wangu wa fiziotherapia hapa Kitale, amekagua kadi ya mazoezi aliyonipa Januari. Kila siku ina alama, asubuhi, mchana na jioni. Nilizitia zote leo nikinywa chai, kwa kalamu tatu tofauti ili zionekane za kweli. Dinah akauliza Februari gani ina tarehe thelathini. Tena akaniuliza nimefanyaje mazoezi ya Ijumaa ijayo. Nikasema mimi ni mtu wa kujipanga.

Yeye ni mtu wa Bungoma, r na l kwake ni ndugu. "Mama Mbogo, misuri haisomi kadi," akaniambia.

Shida yangu ni hii. Tangu nimzae Mbogo, kilo nne na nusu, mkojo hunitoroka nikikohoa, nikicheka au nikiruka. Na Jumamosi kwaya yetu ya akina mama inashindana Bungoma. Mimi niko mstari wa mbele. Wimbo una miruko saba. Sketi ni za rangi ya krimu!

Dinah anasema misuli inayobeba kibofu inataka miezi mitatu ya kubana na kuachilia, kila siku. Kwa sasa nihamie mstari wa nyuma. Nyuma? Nasike achukue nafasi yangu? Amekuwa akiimezea mate tangu Krismasi.

Jumanne, 3 Machi

Nimepata mbinu! Nimemwendea Rosaline, mwenyekiti wa kwaya, nikamweleza kwamba krimu inashika vumbi, afadhali tuvae zile sketi za zamani, za maruni, ule wekundu uliokolea. Akaita kamati. Karibu wakubali. Mara Nasike akainuka akaniunga mkono, ati hata yeye anapenda maruni.

Nasike aniunge mkono mimi? Huo ni mtego. Papo hapo nikageuka, nikaitetea krimu kwa dakika ishirini. Nikataja malaika. Kura zikapigwa na krimu ikashinda kwa kura moja. Yangu.

Jumatano, 4 Machi

Mbinu ya pili: sinywi maji mpaka Jumamosi. Ya tatu: kulipa mazoezi yote ya miezi miwili leo. Nimeanza kubana kwenye maombi ya mchana, mia tatu kwa mkupuo, pumzi nimeifunga. Nilipofika mia na tisini, Mzee Wanyonyi akaona uso wangu, akasimamisha ibada. Akaniwekea mkono kichwani, akawaomba wote wauombee mzigo wangu. Dakika arobaini!

Tukitoka, Nasike akaninong'oneza ati nisisahau kupumua. Kupumua kwangu kunamhusu nini?

Alhamisi, 5 Machi

Misuli inauma, nakaa upande upande. Mume wangu Munene ameniuliza kama kiti kina msumari. Nikasema ndiyo. Ametafuta huo msumari jioni nzima, maskini.

Ijumaa, 6 Machi

Kiu. Kichwa kinagonga. Nimeota naunywa mto Nzoia wote, na daraja lake.

Jumamosi, 7 Machi

Bungoma. Sijui niandike vipi.

Tuliposimama Webuye uzalendo ulinishinda. Chai vikombe viwili, soda moja. Jukwaani mruko wa kwanza salama. Wa pili salama. Wa tatu nikasikia onyo. Wa nne sikuruka. Nikasimama wima katikati ya jukwaa, miguu nimeipishanisha, mkono juu kama aliyeona maono. Mstari wa nyuma ukanigonga mgongoni, na hapo mkojo ukamwagika.

Nilitamani ardhi inimeze. Ukumbi mzima ungeona! Kabla sijageuka, Nasike alikuwa ameruka kutoka mstari wa pili, akaivua leso yake kiunoni, akanifunga nayo huku akicheza, akaniimbia na ubeti wangu. Watu wakapiga vigelegele, wakidhani ni sehemu ya wimbo. Tumekuwa wa pili. Majaji wameandika kwamba ile leso ni ubunifu.

Nyuma ya ukumbi nikamuuliza kwa nini. Akasema ni mgonjwa wa Dinah tangu mwaka jana, baada ya kumzaa Nabwile. "Si hata mimi nilikuwa navuja, bana. Nilikutambua, ndio maana nilitaka maruni." Alibana na kuachilia miezi mitatu, akisonga ugali, akikamua ng'ombe. Leo karuka miruko yote saba akiwa mkavu. Nililia. Kwa aibu kwanza, kisha kwa shukrani, maana sikujua kama kuna mwingine.

Jumatatu, 9 Machi

Nimekuwa mtu mpya! Dinah amenipa kadi safi. Shindano lijalo ni Moi's Bridge, katikati ya Juni, miezi mitatu kamili. Nasike ameahidi kupitia kwangu kila asubuhi tubane pamoja. Nimemkumbatia. Ni dada yangu kabisa.

Lakini ataniuliza nimefika wapi, na siwezi kukubali Nasike anione niko nyuma. Kwa hiyo nimekaa na kalamu zangu tatu. Safari hii nimetazama kalenda kwanza: Aprili ina siku thelathini. Nimefika tarehe kumi na saba Mei, nikapiga chafya. Nimebadilisha sketi. Sasa naingia Juni.