Jemadari Chini ya Kitanda

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Balozi wa nyumba kumi katangaza: kideri, ugonjwa wa kuku, kimeingia Tabora. Alhamisi Bwana Mifugo, Raymundi, atakagua mabanda yote ya Kanyenye. Akikuta kuku mmoja mgonjwa, banda zima linateketezwa. Balaa! Jumamosi namwoza binti yangu Fakhria. Kuku wangu kumi na wawili ndio pilau. Jogoo Jemadari ni wa sinia la wakwe. Na kuku Namba Saba anasinzia tangu jana. Kajivimbisha manyoya, hali.

Jumanne, 6 Agosti
Mpango wa kwanza. Alfajiri nimempenyeza Namba Saba ua wa jirani Apolinaria, ambaye banda lake husifiwa kila kikao. Tuone sasa!
Saa nne Apolinaria kabisha hodi, Namba Saba kwapani. Kasema huyu kapotea njia, kamjua kwa mguu. Nilisahau: kila kuku wangu nimemfunga kipande cha kanga ya mke wangu, na namba kwa wino. Utaratibu mzuri umeniponza.

Jumatano, 7 Agosti
Mpango wa pili. Wazima wote kwenye matenga, chini ya kitanda. Namba Saba stoo. Mke wangu Nunu kauliza yeye atalala wapi. Nimemwambia taifa zima linajitolea. Kasema taifa halinuki hivi.

Alhamisi, 8 Agosti
Raymundi kafika saa tatu. Nimemwamkia shikamoo, kijana mdogo yule! Nimemwambia nimeacha kufuga. Kaketi, kasifu chai. Nikaanza kutabasamu.
Jemadari akawika.
Nikakohoa. Akawika tena. Nikasema redio. Raymundi kauliza ni idhaa ya wapi. Nunu, bila kuombwa, akafungua mlango wa chumbani, kisha wa stoo.
Raymundi kawakagua: wote wazima! Namba Saba je? Raymundi kamwinua, kacheka mpaka kashika ukuta. Kasema: Mzee Darwesh, huyu anataka kuatamia, mpe mayai. Lakini kuku waliofichwa hawapati cheti cha afya. Siku ishirini na moja hawachinjwi, hawatoki.

Jumamosi, 10 Agosti
Fakhria kaolewa. Apolinaria kaleta kuku wake kumi na wawili, wenye cheti, tuwachinje. Wala hakutaja Namba Saba. Wakwe wamemsifu yeye tu.
Nimepata funzo. Mwezi ujao wanakagua mbuzi. Ninao wawili, nimepima, chini ya kitanda wanaenea.
Mbuzi hawawiki.