Mkubwa Mbele

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kipindi changu cha majaribio kinakwisha Jumanne. Nafasi ya kudumu ni moja. Tunaoiwania ni wawili. Mwenzangu tumembandika jina la Kitambulisho, kwa kuwa huvaa kitambulisho cha kazi shingoni hata akienda msalani.

Leo mkutanoni Bosi alilalamika kwamba kila Jumatatu ofisi yetu ya bima huonekana kama imekesha. Nikanyoosha mkono kabla sijafikiri. Nikapendekeza tuanze juma kwa mazoezi ya viungo uani, chini ya uongozi wangu. Bosi akauliza nina ujuzi gani. Nikajibu kwamba nimelelewa katika mazoezi. Kweli tupu. Kitambulisho akatabasamu. Sikulipenda tabasamu hilo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimejipima chumbani. Pushapu nne. Ya tano ilinishinda katikati, nikabaki sakafuni nikitazamana na kiatu kilichopotea tangu Desemba. Jirani wa chini akagonga dari kwa fagio, akauliza kama kabati limeanguka.

Pale sakafuni nikamkumbuka Baba. Mwalimu wa michezo. Kaptula nyeupe, pasi imepita hadi mikunjo ikasimama yenyewe. Kila Jumatatu kabla ya chai alitupanga uani, nyasi zikiwa bado na umande. Mkubwa mbele, mdogo nyuma: Kaka, Dada, kisha mimi kitindamimba. Mama akichungulia dirishani, buli mkononi, akimwambia awaache watoto wa watu wapumzike. Baba akijibu kwamba watoto wa watu wenyewe ndio hawa. Harufu ya chai ilitufikia tukiwa tumeinama kushika vidole vya miguu. Sijanywa chai iliyonoga vile tena.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimekwenda nyumbani kuazima filimbi. Ua umejaa ndoo za maua ya Mama. Baba, kwa sababu ya magoti, sasa hufanya mazoezi akiwa kitini, ila kaptula ni ileile. Filimbi ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, mahali pake pa siku zote. Akaipangusa kwa pindo la shati, taratibu, kama anayemwogesha mtoto.

Akaniuliza kama ninaukumbuka utaratibu. Nikamwambia ninaukumbuka wote. Akataka kunieleza jambo kuhusu ile foleni. Nikamsihi asijichoshe, kwa kuwa somo la uongozi nimelisoma miaka mitatu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Ua wa ofisi, kando ya maegesho. Nikapuliza filimbi. Nikaamuru: mkubwa mbele, mdogo nyuma, kwa umri.

Hakuna aliyesogea. Katibu muhtasi akasema umri wake ameusahau nyumbani. Dereva akasema alizaliwa msimu wa mvua, na mwaka tusimuulize. Nikasisitiza, Baba hakupokea visingizio. Nikamshika mkono mhasibu, ambaye sote humwita Shangazi, nikampeleka mbele kwa heshima zote.

Akagoma. Akasema, sauti ikifika barabarani: "Mwanangu, mbele yangu yupo Bosi wako. Mimi naingia kidato cha kwanza, yeye ndiye kaka mkuu wa shule."

Ikumbukwe kwamba mwaka jana tulimkatia Bosi keki ya miaka hamsini. Shangazi ametimiza hamsini na sita mwezi uliopita, naye hafichi.

Dereva akaanza kuhesabu kwa vidole, hadharani. Ndipo Kitambulisho akajitokeza, akamshika Bosi kiwiko, akamwomba asogee nyuma kabisa, kwa vijana wenzake. Bosi akasogea. Akasimama mwisho wa foleni, palepale nilipokuwa nikisimama mimi enzi zile, akainama kushika vidole vya miguu, na hakunitazama tena.

Nikaongoza pushapu. Zilikuwa nne.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nafasi amepewa Kitambulisho. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio. Bosi amenieleza kwa adabu kwamba bidii ninayo, ila bidii yangu haina breki. Shangazi ameniletea chai mezani. Amesema nisijali, hajacheka vile tangu shuleni.

Jioni nikampigia Baba. Alicheka hadi Mama akamnyang'anya simu, akidhani amepaliwa. Aliporudishiwa, akanieleza lile jambo la Jumapili. Umri haukuwa na maana yoyote. Alinipanga nyuma ili niwe karibu na mlango wa jikoni. Nikichoka niingie kwa Mama kimyakimya, naye ajifanye hajaona. Niliingia kila Jumatatu, akasema. Ndiyo maana chai yangu ilikuwa ya moto kuliko ya Kaka na Dada.

Nikabaki nimeishika ile filimbi. Bado inanukia mlango wa nyumbani.

Baadaye nikatafakari kisomi, na jibu likaja lenyewe. Kujipanga hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kigezo: umri ni jambo la faragha, haupaswi kutajwa mbele za watu. Kwa hiyo Jumatatu ijayo tutajipanga kwa uzito. Mizani nimekwisha kuiazima. Wa kwanza kupanda, kwa heshima zote, atakuwa Shangazi.