Rangi ya Maksai wa Mzee

Jumatatu, 10 Juni 2024

Lodwar. Naanza kuandika leo ili siku Landrova itakapotoka gereji pawe na ushahidi kwamba akili iliyotumika ilikuwa yangu.

Hali ni hii. Landrova ni ya baba yangu, Mzee Ekeno. Aliipata mwaka 1983 kwa mnunuzi wa ngozi aliyekuwa anahama. Badala ya pesa alimpa maksai wake mpendwa, yule ambaye Mzee mwenyewe anaitwa kwa jina lake na wazee wenzake mpaka leo. Gari likatembea miaka ishirini, kisha likalala chini ya mti miaka ishirini. Novemba iliyopita nililivuta hadi Kakuma kwa fundi Ajak, mtu wa Sudan Kusini, anayenyoosha bodi vizuri kuliko yeyote kutoka hapa hadi mpakani. Aliniambia wiki tatu. Miezi saba imepita.

Leo Mzee ametoa hukumu. Jumamosi ya tarehe 22 Landrova isimame mbele ya nyumba yake, inatembea, imepakwa rangi ya yule maksai. Ikifika, ni yangu. Isipofika, anapewa Lochakapong, mume wa dada yangu, ambaye ataikata mgongo aifanye ya kubebea makaa. Lochakapong alikuwepo. Alitikisa kichwa kwa huzuni huku akijaza mdomo nyama niliyoileta mimi.

Siku kumi na mbili. Nimetulia kabisa.

Jumanne, 11 Juni

Sikutulia. Nimekwenda Kakuma. Ofisini, ambako mimi ni karani wa stoo ya maji, nimesema ninang'olewa jino.

Gereji ya Ajak ni uwanja wenye turubai moja na kompresa inayokohoa. Bodi imenyooshwa vizuri, nakiri. Hata ule mlango niliogonga nao kisima haujulikani tena. Lakini boneti ilikuwa meza. Mama Nyariek, anayeuza chai pale, ameilaza juu ya matofali na kuipangia vikombe. Nilimwambia hiyo ni boneti yangu. Akaniuliza nataka chai ya maziwa au ya rangi. Nikanywa vikombe viwili juu ya boneti yangu, na nikalipa.

Ajak ni mrefu kiasi kwamba huongea na mtu ameinama, kama anayetazama injini. Kilichobaki ni rangi tu, alisema. Rangi gani? Nikasema nyekundu. Nyekundu ya nini? Nikamweleza habari ya maksai. Basi akaweka msasa chini, akavuta debe, akaketi. Wekundu wa udongo mkavu au wa udongo ulionyeshewa? Weupe wa tumbo unaishia wapi? Jicho lina doa? Pembe zinaangalia wapi? Sikujua hata moja. Mimi nilisoma bweni.

Akanitazama kwa huruma. "Wewe mtoto ya mwenye ng'ombe," akasema, "hujui ng'ombe ya baba?" Mama Nyariek aligeuka upande kwa aibu, aibu yangu.

Jumatano, 12 Juni

Maksai wa kwanza alikufa zamani, lakini Mzee hajawahi kukaa bila mmoja wa rangi ile. Wa sasa ni wa nne. Anachungwa ng'ambo ya mto Turkwel. Nimekwenda, nimempiga picha, nimemtumia Ajak.

Ajak amejibu kwamba picha ina upande mmoja na ng'ombe ana pande mbili. Nikatuma upande wa pili. Akasema simu inadanganya wekundu. Nikatuma video. Akasema maksai ni mzuri mno, ameitazama video mara sita, lakini hawezi kuchanganya rangi ya mnyama ambaye hajamwona juani. Bila ng'ombe, hakuna kazi.

Akoru, mke wangu, ameshauri nimwombe Mzee ruhusa ya kumchukua. Nikamweleza kwamba ukiomba ruhusa unaweza kunyimwa. Amechukua beseni akaenda kuanika nguo.

Ijumaa, 14 Juni

Jino la pili.

Nimemwambia mchungaji kwamba maksai anakwenda kuchanjwa. Chanjo mpya, ya maksai peke yao. Ameamini, kwa kuwa nilikuwa nimevaa miwani na kushika faili. Tukampandisha lori la mahindi lililokuwa na nafasi nyuma. Njiani maksai alipasua magunia mawili. Dereva alinitukana kutoka Lodwar hadi Kakuma, na sikumlaumu.

Tulipofika, Ajak alizima kompresa. Hajamgusa ng'ombe tangu aje nchi hii, miaka tisa, maana wakimbizi hawaruhusiwi kufuga. Akaja polepole, akashika pembe moja, kisha ya pili, akapitisha kiganja mgongoni mpaka mkiani. Halafu akaanza kuimba, kwa sauti ya chini, kwa lugha yao. Mama Nyariek akaacha maziwa yakafurika. Mimi mwenyewe nikavua miwani. Ndipo nikakumbuka Jumamosi.

Nilitoa agizo fupi na wazi, nalinakili hapa ili lisije likapotoshwa: "Fundi, usiache kitu. Nataka iwe yeye mwenyewe."

Ajak akauliza kama nina hakika. Nikasema mia kwa mia.

Jumapili, 16 Juni

Nimepiga simu. Rangi haijaguswa. Ajak amekuwa akimwogesha maksai. Amemfungia kengele. Watu wanatoka pande zote za kambi kuja kumtazama, wanakunywa chai kwa Mama Nyariek, ambaye sasa ameomba na mlango wa nyuma awe na meza mbili.

Nimefoka. Ajak amenijibu kwa upole kwamba lazima kwanza amjue.

Jumanne, 18 Juni

Balaa. Mzee aliamka akitaka kumwona maksai wake. Hayupo. Mchungaji akasema chanjo. Daktari wa mifugo akasema hajui chanjo yoyote. Lochakapong akafuata nyayo, akakuta zinaishia kwenye lami, akatangaza kwamba huu ni wizi wa mtu mwenye lori na asiye na haya. Kila neno lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniudhi.

Vijana wamekusanyika. Chifu amepewa habari. Nikajiunga na msafara ili nisishukiwe, nikajitolea kuongoza, nikawapeleka upande wa Katilu, kusini, tangu asubuhi hadi jua likakaa utosini. Malengelenge matatu. Lochakapong alisema mara nne kwamba nyayo zilielekea kaskazini.

Tuliporudi Mzee alikuwa ameketi nje pale pale tulipomwacha. Chakula hakijaguswa. Sikuwahi kumwona mzee hivyo, nami nimemwita Mzee maisha yangu yote. Nilikaribia kusema. Mdomo ulishafunguka. Lochakapong akakohoa, ukajifunga.

Alhamisi, 20 Juni

Nimepata wazo safi kabisa.

Nimemwendea Mzee faragha. Nimemwambia nina watu wangu, siwezi kuwataja, na kwamba Jumamosi nitamrudishia Landrova na maksai, vyote viwili, siku moja. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliona aibu kubwa mpaka wakati wa chakula cha jioni, ambapo alikula, nami nikajisikia nafuu.

Sasa mimi ni shujaa kwa kuahidi kurudisha nilichochukua. Akoru anasema kuna neno la mtu wa namna hiyo. Sikutaka kulisikia.

Ijumaa, 21 Juni

Jino la tatu. Bosi ameuliza kama nitabakiwa na la kutafunia.

Ajak alinipokea kwa salamu yetu, "ejok", kwa furaha, akavuta turubai. Nikakaa chini. Hapakuwa na kiti.

Landrova ni nyekundu, wekundu wa udongo ulionyeshewa, na unang'aa. Hapo sina neno. Chini, kote, ni nyeupe, na weupe unapanda kwenye mlango wa kushoto tu, mahali pale pale unapopanda kwa maksai. Taa ya kushoto imezungukwa na doa jeusi. Tairi la nyuma la kulia lina madoa manne. Nimeyahesabu kwenye gari, nikayahesabu kwenye paja la maksai. Manne. Kovu la mwiba begani lipo kwenye madigadi. Mabomba ya keria juu ya paa yamepindwa kuwa pembe, moja inatazama mbinguni, nyingine inatazama mbele. Kengele inaning'inia chini ya bampa.

Na masikio. Mzee huwakata ng'ombe wake alama mbili kwenye sikio ili wajulikane. Ajak amechukua msumeno wa chuma akakata alama mbili kwenye kila madigadi ya mbele. Madigadi yaliyokwisha nyooshwa miezi saba!

Nikauliza, nusu kwa kilio, kwa nini. Ajak alishangaa. "Wewe ulisema nisiache kitu."

Mama Nyariek alikuwa upande wake, na amekataa kurudisha mlango wa nyuma hadi kesho asubuhi.

Jumamosi, 22 Juni

Mpango wangu ulikuwa kuifunika kwa turubai, kumpa Mzee funguo, kupokea baraka na kuondoka nayo kabla hajafunua. Turubai lilipeperuka kilomita ya kwanza. Nimesafiri hadi Lodwar kengele ikilia. Nyuma yangu lori, ndani yake maksai na Ajak, ambaye aliomba akapewa kibali cha kutoka kambini kwa siku mbili kwa sababu alikataa maksai asafiri peke yake.

Watu walijaa. Nikampa Mzee funguo. Lochakapong aliona pembe, akacheka hadi akashikilia ukuta. Akaniuliza kama inatoa maziwa. Nikatamani kuirudisha chini ya mti.

Mzee aliinuka kwa fimbo yake. Akaizunguka Landrova mara moja. Akaizunguka tena. Akagusa doa la jicho. Akagusa kovu. Akafika kwenye madigadi, akaingiza kidole kwenye alama, ya kwanza, ya pili. Kicheko cha Lochakapong kikafa chenyewe. Kisha Mzee akaangusha fimbo, akainua mikono yote miwili juu, mmoja ukitazama mbinguni na mwingine ukitazama mbele, kama pembe zile, akaimba wimbo wa yule maksai wa kwanza. Sikuwa nimeusikia tangu nikiwa mdogo. Wazee wenzake wakaitikia. Ajak, asiyejua neno lake hata moja, akainua mikono yake mirefu, akaruka nao. Nimelia. Naandika hivyo waziwazi.

Nilipomaliza kulia nikanyoosha mkono nipewe funguo.

Mzee alishangaa. Akasema alipotoa ahadi alikuwa anatoa bati. Hili si bati. Huyu ni maksai wa jina lake, ambaye alimtoa mwaka 1983 na hakupata usingizi mwaka mzima, na sasa amerudi nyumbani. Nani amewahi kusikia mtu akimgawa maksai wa jina lake angali hai? Lochakapong akauliza kuhusu makaa. Mzee akampa mgongo.

Halafu akamuuliza Ajak yule maksai mwingine aliokolewaje kwa wezi. Ajak ni mtu mkweli. Akasema wezi gani, huyu mtoto yako mwenyewe ndiye alimleta, na akasimulia yote, pamoja na mahindi.

Hukumu ya pili ilitolewa papo hapo. Ajak ameambiwa achague ndama mmoja, ambaye atakaa hapa katika zizi letu kwa jina lake. Alichagua kwa saa moja na nusu, na hakuna aliyemharakisha. Mimi nimekuwa mchungaji. Kila asubuhi nitaitoa Landrova, nitaipeleka mtoni taratibu, mwendo wa ng'ombe, niioshe, nikae nayo, na jioni niirudishe. Siruhusiwi kuipakia mtu wala kitu. Ndama wa Ajak pia ni wangu kumchunga.

Jumatatu, 24 Juni

Mtoni, kivulini. Ofisini nimesema ni meno ya nyuma.

Landrova imeoshwa. Ndama amelala. Nimepata muda wa kutafakari makosa yangu, na nimegundua kwamba hayakuwepo. Mpango ulikuwa mzuri, nilikosea gari tu.

Lochakapong ana Probox nyeupe anayoipenda kuliko dada yangu. Imekwaruzika ubavu wote. Na katika kundi la Mzee kuna maksai mweupe mwenye mkia mweusi, ambaye Mzee humtazama sana siku hizi. Nimempigia Lochakapong, nikamsifia kazi ya Ajak, nikamwambia aipeleke Kakuma ipakwe nyeupe tu, rahisi, agizo nitalitoa mimi mwenyewe. Amekubali. Tuone atabebea makaa gari gani Mzee akishaiimbia.

Ajak anataka kwanza amwone ng'ombe juani. Nimeshaongea na mchungaji. Nimemwambia ni chanjo ya pili.