Bibi wa Kichina Aliyekaa Eda Bila ya Kufiwa

Kwa Mheshimiwa Yaarub bin Firas,
Mwenyekiti wa Maonyesho ya Sanaa,
Mji Mkongwe, Ibra.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Assalamu alaykum. Najua kuwa wewe ni mtoto wa marehemu dada yangu, kwamba nimekulea mimi kwa kuwa sikujaaliwa wa kwangu, na kwamba shikamoo inapasa itoke kwako ije kwangu. Lakini mwenye shida hana ukubwa. Tangu upate uenyekiti hupatikani ila kwa maandishi, basi shikamoo naitanguliza mimi, nawe utaiitikia ukipata nafasi.

Nakuandikia kumlalamikia Bi Shen Ruolan, msanii kutoka China, uliyemweka katika nyumba ya udongo uliyoitengeneza, ukuta kwa ukuta na yangu. Karatasi mliyotugawia inasema hachori, haimbi wala hachongi. Yeye hufanya jambo mbele za watu, na jambo lile ndilo sanaa yenyewe. Safari hii jambo lenyewe ni kukaa. Amejifunika shuka nyeupe kutoka utosini mpaka miguuni, amekaa juu ya mkeka, hasemi, na atakaye huingia akakaa mbele yake. Watu wanatoka Maskati na magari yao kuja kumtazama mwanamke asiyefanya kitu. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

Kwanza, amenivurugia mtaa. Wewe umezaliwa huku Omani, pengine hujui kuwa kwetu sisi tuliotoka Unguja mwanamke aliyevaa nyeupe, hatoki wala hazungumzi, ni mjane aliye edani. Kina mama walipochungulia wakamwona, wote walisema masikini mgeni wa watu, kafiwa na mume nchi ya mbali na hana wa kumliwaza. Wakamiminika na mabakuli ya harisi na mikate ya kumimina. Badria jirani yetu, ambaye hajapata kukosa msiba, alijiweka mlangoni na kuwarudisha wanaume wote, maana mwenye eda haonani na wasio maharimu zake. Nasikia miongoni mwa waliorudishwa yumo mkubwa mmoja wa utalii, uliyemwalika wewe mwenyewe, pamoja na mpiga picha wake. Nilimweleza Badria kuwa yule hakufiwa na mtu. Alinijibu kuwa mtu hakai namna ile bure.

Pili, kahawa. Hakuna aliyemfundisha bibi huyu kutikisa kikombe kuonyesha kuwa ametosheka. Kila anayeingia humjazia, mkono ukatoka chini ya shuka, ukarudisha kikombe kimetulia, basi akajaziwa tena, naye akanywa tena. Gazeti likaandika kuwa huo ni ujasiri wa mwili unaoipokea dunia yote bila ya kukataa. Mimi ninayeishi naye ukuta kwa ukuta najua mwili ule unakwendaje mbio chooni wageni wakishaondoka, na hilo gazeti halikuliandika.

Tatu, nimeyasoma maisha yake, na sioni alichonizidi. Alizaliwa katika mji wa viwanda vya vyungu, mama yake akifanya kazi kwenye tanuri. Alikuwa mchoraji, akaitupa brashi siku mama yake alipofariki. Aliwahi kukaa katika jumba la makumbusho akimenya vitunguu mpaka watazamaji wakatokwa na machozi, wakampigia makofi. Yaarub, vitunguu vya biriani za harusi zote za ukoo huu nimemenya mimi, yako ikiwemo. Aliyelia nilikuwa mimi peke yangu, na makofi alipigiwa mpishi.

Nne, na hapa naomba usome taratibu. Karatasi inasema kuwa majira moja ya baridi alisimama kwenye stesheni ya treni akipiga pasi nguo za marehemu mama yake, abiria wakasimama wakilia. Pasi ile sasa imewekwa ndani ya kioo. Mimi kila Alhamisi napiga pasi kanzu za marehemu mume wangu, Asaad, kama nilivyozipiga alipokuwa hai, kisha nazitundika. Wewe ulipoziona ulimpigia simu daktari. Bi Shen aliwahi kuandaa meza akala na kiti kitupu, akapewa tuzo. Mimi nammiminia Asaad kahawa yake ya alasiri, ukasema khalati, ndiye mimi dada wa mama yako, ameanza kuchanganyikiwa, asikae tena peke yake Ibra, apelekwe Maskati kwenye fleti yenye lifti. Nimesikia kikao cha ukoo ni Ijumaa hii, na kwamba mimi sikualikwa kwa kuwa ndimi ajenda.

Kwa hivyo naomba haki itendeke kwa sote wawili. Ama Bi Shen aonwe na daktari yule yule, apewe vidonge vile vile na apandishwe lifti ile ile. Ama mimi niandikwe msanii. Nikiandikwa, nitahitaji taa, kamba ya kuwazuia watu wasinikaribie sana, na mtaalamu wa kueleza kwa Kiingereza kwa nini ninazungumza na birika. Karatasi yangu ya maelezo nimeshaitunga. Jina la kazi ni Mjane. Vifaa ni mkeka, pasi na jamaa wasiofika. Watoto wa skuli waletwe kwa basi, na anayetaka kunihamisha aelezwe kuwa kazi za sanaa hazihamishwi ovyo, huharibika njiani.

Tano. Nilipofiwa, siku za tanga nyumba yangu haikuwa na pa kuweka mguu. Tanga lilipoanuliwa kila mtu alishika njia yake, na eda yangu niliimaliza mimi na kuta. Wewe ulikuwa ukipiga simu, na kila ukipiga uko njiani. Sasa nasikia hata wewe umejiwekea miadi ya kwenda kukaa mbele ya Bi Shen. Utapita mlangoni kwangu kwenda kukaa kimya na mtu usiyemjua! Imeniuma, Yaarub. Watu watasema ni wivu. Naam, ni wivu.

Kwa sababu hizo naomba bibi huyu aondolewe kabla ya Ijumaa. Sanaa hii haina maana yoyote. Kukaa kimya mbele ya mtu hakujamfaa mtu tangu dunia iumbwe.

Nisalimie mkeo Shatha na watoto, nisalimie wanakamati wote pamoja na yule aliyechapisha karatasi, kazi yake safi. Yule mkubwa wa utalii mwambie Badria hana ubaya naye, ila sheria ni sheria.

Ni mimi ninayesubiri majibu yako,
Balqis binti Mahrous,
nyumba ya pili.

Tanbihi: Barua hii niliiandika Jumamosi nikakosa wa kuipeleka, na mambo yamegeuka. Usimwondoe Bi Shen. Kahawa ilimvuruga tumbo, akaja kubisha mlangoni kwangu, nikamlaza na kumpikia uji. Hatuna lugha moja, lakini aliziona zile kanzu, akaichukua pasi akanisaidia. Jumanne hakuweza kusimama, na watu walikuwa wameshafika. Shuka haina mwenyewe, nami kukaa najua, nikajifunika. Ulipofika kwa miadi yako, Badria akakuacha upite, maana alijua ni nani aliye chini yake na kuwa wewe ni maharimu wake.

Basi uliyekaa mbele yake ni mimi. Ulidhani mwenye shuka hajui Kiswahili, ukasema unaogopa khalati yako atakufa peke yake nawe uko njiani. Ulisema huji kwangu kwa kuwa kila ukiingia unamtafuta Asaad kwa macho, na humwoni, na unaona haya kulia mbele yangu. Kisha ukalia kama ulivyokuwa ukilia utotoni. Masharti ya sanaa hayamruhusu mwenye shuka kusema, na wallahi sijapata kufanya kazi nzito kama ile. Ijumaa, kabla ya hicho kikao, njoo kwangu. Yaseme tena yale maneno, mara hii nitakujibu.